Sanduku Linalobeba Bila Kusoma

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo msimuliaji si mimi. Ni sanduku la kura, jeusi, lenye mdomo mwembamba juu. Linatoka Wandsworth, manispaa moja ya London, kusini mwa mto Thames. Lisikilizeni.

"Mimi nabeba tu, sisomi," linasema sanduku. "Tarehe 5 Mei 2022, kabla ya saa moja asubuhi, walinifunua wakawaonyesha waliokuwepo tumbo langu. Tupu! Ndipo wakanifunga kwa lakiri."

"Mjomba, walikuwa wanamchagua rais?"

Swali zuri sana hilo! Hapana, walichagua madiwani. Fikiria ua mmoja unaozungukwa na nyumba nyingi. Ndani kwako unapika utakacho. Lakini taka za uani atazizoa nani? Taa ya uani ataiwasha nani? Na kila nyumba ichange kiasi gani? Lazima wawepo watu wa kukaa na kuamua. Halmashauri ya Wandsworth ndiyo inayoamua mambo ya uani: taka, maktaba, bustani, nyumba za kupangisha kwa bei nafuu, na kodi ya kila kaya. Ua huo una kata 22. Kata nyingine huchagua madiwani wawili, nyingine watatu. Jumla madiwani 58.

Wakaja wapiga kura, wa miaka 18 na kuendelea. Hata Mkenya au Mtanzania anayeishi kule kihalali huruhusiwa kupiga kura, kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Kila mmoja akaweka alama ya msalaba, akakunja karatasi, akaitumbukiza.

"Nabeba tu, sisomi," linasema sanduku. "Saa nne usiku wakaniziba mdomo."

"Wakahesabu palepale kituoni, kama huku kwetu?"

Unaona mtoto anavyofikiri! La, masanduku hupelekwa kwenye ukumbi mmoja wa kuhesabia. Na hapa, wapwa zangu, ndipo ninapopapenda kuliko pote. Kabla ya kuuliza nani ameshinda, wanauliza: karatasi ni ngapi? Msimamizi wa kituo ameandika idadi ya karatasi alizotoa. Sasa sanduku linamwagwa mezani na karatasi zinahesabiwa. Je, idadi inalingana? Mawakala wa vyama vyote wamesimama hapo, macho hayabanduki. Na karatasi hulala uso juu. Kwa nini? Kwa sababu mgongoni zina namba, na namba hiyo haitakiwi kuonekana, mtu asije akajua kura ni ya nani. Wakisharidhika, ndipo wanahesabu kura za kila mgombea.

Usiku ukapita. Chama cha Conservative kilikuwa kimeiongoza Wandsworth tangu 1978. Miaka 44! Matokeo yakatoka: chama cha Labour viti 35, Conservative 22, na diwani mmoja asiye na chama.

"Mjomba, kwani ilihitajika ngapi?"

Hesabu nami. Nusu ya 58 ni 29. Ukiwa na 29, wenzako nao wana 29, hamjazidiana. Ukipata 30, umewazidi. Labour walipita hapo kwa viti 5, wakaichukua halmashauri.

"Na wagombea wawili wakilingana kura?"

Wanahesabu tena. Wakilingana bado, sheria inasema ipigwe kura ya bahati! Kaskazini kabisa mwa Uingereza, huko Northumberland, ilitokea mwaka 2017. Wagombea wawili wa kata ya South Blyth walipata kura 356 kila mmoja. Wakachomoa vijiti. Wa Conservative akakosa, na chama chake kikapungukiwa kiti kimoja tu cha kushika halmashauri nzima. Kura moja zaidi ingetosha, na vijiti visingehitajika.

"Na wale 22 wa Wandsworth walifukuzwa?"

Hata kidogo. Wao nao walichaguliwa na kata zao. Waliingia ukumbi uleule na walioshinda, na kazi yao ikawa kuuliza. Kwa nini taka za mtaa huu hazijazolewa? Fedha hizi zimekwenda wapi? Na wakubwa wa halmashauri wanapaswa kusimama na kuwajibu, mbele ya wananchi waliokuja kusikiliza.