Utangulizi: Kidonge cha Kifafa na Mfupa wa Paja

Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko yote mwilini. Kijana mwenye afya huuvunja kwa kishindo: ajali ya bodaboda, au kudondoka kutoka juu ya mnazi. Ukivunjika kwa kujikwaa tu uani, ujue lipo jambo lililotangulia. Fani ninayokukaribisha ndani yake inalichunguza jambo hilo kwa watu wanaomeza dawa za kifafa mwaka hadi mwaka.

Mkoa wa Morogoro hauingii humu kama mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, wilayani Ulanga, na utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta wilayani humo watu 10 hivi wenye kifafa hai katika kila 1,000. Dawa yao kuu ilikuwa fenobabitali, inayotibu kifafa tangu 1912. Ni ya bei nafuu, na inasaidia.

Lakini ina deni lake. Mwaka 1968 taarifa zilitoka Ujerumani kuhusu wagonjwa wa kifafa waliolainika mifupa. Fenobabitali, sawa na fenitoini iliyoanza kutumika 1938, huchochea vimeng'enya vya ini, navyo huivunja vitamini D upesi kuliko kawaida. Vitamini hiyo ikipungua, utumbo hunyonya kalisiamu kidogo, na tezi za parathiroidi huamuru akiba iliyomo mifupani itolewe iingie kwenye damu. Mgonjwa hahisi chochote, hadi siku ya kuanguka.

Hapo ndipo mtafiti mchanga hunaswa. Degedege lenyewe humwangusha mtu, na mkazo wa misuli peke yake waweza kuvunja shingo ya mfupa wa paja. Je, tuilaumu dawa au ugonjwa? Anayejibu haraka kuwa ni dawa humtisha mgonjwa akaacha vidonge, naye akarudi kuangukia motoni, ajali ambayo watu wa Mahenge wanaijua mno.

Fenitoini ina kioja kingine, nami nakiri ndicho kilichonivuta. Hukuza fizi za baadhi ya wanaoitumia, na kutokana na hilo watu wakaijaribu kwenye vidonda, kisha kwenye mifupa ya wanyama iliyovunjwa maabarani. Kwa kiwango kidogo, dawa ileile imeonekana kuzichochea seli zinazojenga mfupa, lakini kwa kiwango kikubwa cha muda mrefu, mfupa hupungua. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia "dawa inaharibu mfupa" bila kutaja kiasi na muda.

Hata kiasi na muda havitoshi. Tafiti nyingi za mwanzo zilifanywa Ulaya, kwa wagonjwa waliotunzwa ndani ya taasisi, wasiopata jua la kutosha, na jua ndilo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Mkulima wa Matombo, Morogoro, anayepalilia tangu asubuhi hafanani nao. Anayefanana nao ni binti anayefichwa chumbani kwa sababu majirani wanadhani mate yake yanaambukiza kifafa. Wote wawili wanaweza kumeza vidonge vilevile, idadi ileile. Ndiyo maana, unapoandaa dodoso lako, karibu na swali la dozi weka na hili: mgonjwa huyu hutoka nje?