Somo la hedhi lifike kabla ya damu

Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka na msichana aliyekusudiwa hakuonja nafuu hiyo. Kenya ilikwisha kufuta kodi kama hiyo tangu 2004, na mwaka 2017 ikaingiza katika sheria ya elimu kwamba msichana aliyebalehe anayesoma shule ya umma apewe sodo bure. Hatua hizi si za kubezwa, na pedi ambayo mama wa kijijini anaimudu bado ni dai la haki. Ila mjadala wetu umezoea kuishia dukani: kodi, bei, boksi la msaada. Kipo kitu cha bei nafuu kuliko vyote hivyo ambacho wasichana wengi wanakikosa, nacho ni kuelezwa mapema, kwa maneno wanayoyaelewa, mwili wao utafanya nini na kwa nini.

Katika wilaya ya Kamuli, mashariki mwa Uganda, watafiti walifuatilia wasichana zaidi ya 1,000 katika shule 8 kwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baadhi ya shule zilipewa pedi za kufua, nyingine mafunzo ya balehe, nyingine vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu. Mwishoni, shule zilizokosa vyote zilikuwa zimeporomoka kwa mahudhurio ya wasichana kwa takriban asilimia 17 zaidi ya zile zilizopata msaada wowote. Kubwa zaidi ni kwamba shule zilizopewa mafunzo pekee hazikuachwa nyuma na zilizopewa pedi. Jaribio dogo la Ghana lilikuwa limetangulia kuonyesha mwelekeo huohuo: mafunzo yalichelewa kuzaa matunda kuliko pedi, lakini baada ya miezi 5 yakazifikia. Shule 8 ni chache, wala sera ya taifa haijengwi juu yake tu. Hata hivyo sababu inaeleweka. Anayeona damu bila kuambiwa hudhani ameumia au ameugua, hujificha; aliyeambiwa hujiandaa.

Na cha kumwambia si kirefu. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huziamsha ovari, nazo hutoa homoni ya estrojeni inayonenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba, kama kutandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Yai likipevuka na mimba isipotunga, homoni hushuka, tandiko hilo hubomoka na kutoka. Kwa kawaida damu hutoka kwa siku 2 hadi 7, na yote kwa jumla ni kama mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula. Hesabu ya siku 28 tunayoikariri ni wastani tu: kwa mwanamke mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na kwa msichana aliyevunja ungo karibuni unaweza kufika siku 45, kwa kuwa yai bado halipevuki kila mwezi. Binti asiyejua hili hutishika bure mwezi unaporuka, na anayetegemea kalenda ya siku 28 kukwepa mimba hujidanganya.

Maarifa hayohayo ndiyo yanayotenganisha kawaida na ugonjwa. Maumivu ambayo wengi huyaita chango yanatokana na kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoubana msuli wa mji wa mimba. Dawa kama ibuprofen hupunguza utengenezaji wa kemikali hizo, ndiyo maana hufanya kazi vizuri zikimezwa mapema maumivu yanapoanza, kwa kufuata ushauri wa mhudumu wa afya. Lakini maumivu yanayomlaza binti kitandani kila mwezi, damu inayozidi siku 7 au kulowesha pedi kila saa, na kutoona hedhi hadi miaka 15, ni mambo ya kupeleka hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana endometriosi, ugonjwa wa tishu zinazofanana na za ukuta wa mji wa mimba kuota nje yake. Wengi wao hukaa miaka bila tiba kwa sababu waliambiwa wavumilie, ndiyo uanamke.

Wapo wanaohofu kwamba kumfundisha mtoto mapema ni kumfungua macho. Hofu hiyo ni ya wazazi wenye nia njema, lakini inawezekana yai likapevuka kabla ya damu ya kwanza kuonekana, hivyo ukimya hauchelewishi chochote. Wala si kweli kwamba dini inaagiza ukimya: hedhi imetajwa ndani ya Kurani, na madrasani huingia katika mlango wa tohara. Wengine husema hiyo ni kazi ya somo na kungwi. Kweli, Pwani ilikuwa na walimu wa jambo hili kabla ya shule kujengwa. Ila kwa desturi mwali huchezwa unyago baada ya kuvunja ungo, na familia nyingi za mjini hazina tena somo. Kungwi abaki na heshima yake, aongezewe elimu ya tezi na homoni, na aanze mapema.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba elimu hainyonyi damu, na kwamba utafiti wa Nepal ulikuta hedhi ikiwapotezea wasichana siku chache mno za shule, na kuwapa vikombe vya hedhi hakukubadili mahudhurio. Sehemu ya kwanza ni kweli, ndiyo maana hakuna anayesema pedi ziachwe, wala vyoo vyenye maji na mlango unaofungika. Ya pili inatuonya tusiipime hedhi kwa daftari la mahudhurio pekee. Binti anaweza kuwapo darasani siku zote huku amekaa kwa hofu ya doa na kicheko cha wavulana, ambao nao hawakufundishwa.

Wengi huvunja ungo kati ya miaka 12 na 14, na wapo wanaoanza wakiwa na 9 au 10. Basi somo hili likae darasa la nne, wavulana wakiwamo. Nawe mzazi mwenye binti wa umri huo, mama au baba, usingoje mtaala: mweleze wiki hii.