Fahamu: Nani Huruhusiwa Kuziba Ufa wa Ndege?

Uwanja wa Ndege wa Moi uko Port Reitz, nje kidogo ya Kisiwa cha Mombasa, lakini hewa ni ileile ya chumvi inayokula grili za Mji wa Kale. Alumini ya ndege nayo huliwa, mara nyingi chini ya rangi na kwenye maungio ya ribiti, jicho lisipoona.

Kwa hiyo fundi hafundishwi kupiga ribiti tu. Hujifunza kutafuta kasoro: kwa tochi, kwa rangi inayopenya ufa, kwa mawimbi ya sauti. Hupimwa kwa maandishi na kwa kazi ya mikono. Leseni ya kazi hiyo hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Chuo cha mamlaka hiyo, East African School of Aviation, kiko Embakasi, Nairobi. Kwa kijana wa Kibokoni, Mji wa Kale, huko ni mbali.

Ukali huo wa mafunzo na leseni una sababu. Mwaka 1985 ndege ya Japan Airlines ilianguka, watu 520 wakafa. Chanzo kilikuwa ukarabati wa 1978: safu moja ya ribiti ilishikilia mzigo palipotakiwa mbili. Ndege ile iliendelea kuruka miaka saba.