Kamati Ilivyomchagua Mlinzi wa Umma, na Bunge Lilivyomwondoa

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 haikumwachia rais peke yake uteuzi wa Mlinzi wa Umma, ofisa anayechunguza mwenendo wa serikali na watumishi wake. Kifungu cha 193 kinataka kamati ya Bunge la Taifa, yenye wajumbe wa vyama kwa uwiano wa viti vyao, ipendekeze jina. Jina hilo lazima liungwe mkono na asilimia 60 ya wabunge wote, yaani kura 240 kati ya 400, ndipo rais ateue. Muhula ni miaka saba na haurudiwi. Msomaji wa Kenya amezoea Bunge linaloletewa jina ili lilihoji na kulipitisha au kulikataa. Wa Tanzania amezoea Mkaguzi Mkuu anayeteuliwa na Rais bila kupita bungeni. Kule kusini kamati yenyewe hupokea majina, huchuja, husaili na kuchagua. Ukiusoma kwenye karatasi, utaratibu huo ni vigumu kuutoa kasoro.

Ni utaratibu huo huo uliomleta Thuli Madonsela mwaka 2009, wakati chama tawala, ANC, kikiwa na viti 264 na kingeweza kumpitisha mtu wake bila kumwomba mtu kura. Jambo hili husahaulika. Wakati ule ofisi ilihesabiwa kuwa ya ushauri tu, na chama tawala hakikuona cha kuogopa. Hofu ilikuja baadaye. Machi 2014 Madonsela alitoa ripoti iliyoonyesha kuwa Rais Jacob Zuma alinufaika isivyostahili na fedha za umma zilizotumika kwenye makazi yake ya Nkandla, akamtaka arudishe sehemu yake. Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba hatua zinazoagizwa na Mlinzi wa Umma zina nguvu ya kisheria, na asiyekubaliana nazo aende mahakamani, asizipuuze.

Miezi michache baadaye kamati teule ikaketi kumtafuta mrithi wake. Kwa maoni yangu mporomoko ulianzia hapo. Sheria ilibaki ileile, ila thamani ya kiti ilikuwa imepanda ghafla, na kila chama kiliingia kwenye chumba cha usaili kikijua kwamba atakayechaguliwa anaweza kumfikia rais.

Kwa uwazi, kamati ile ilivunja rekodi. Chini ya uenyekiti wa Makhosi Khoza wa ANC, wasailiwa 14 walihojiwa Agosti 2016 kwa siku moja iliyopitiliza usiku wa manane, huku taifa likitazama kwenye televisheni. Shirika la Corruption Watch liliendesha kampeni ya kuwahamasisha wananchi wafuatilie. Huo ulikuwa ushindi wa kweli kwa umma, na sipendi kuudharau. Lakini watu 14 kwa siku moja maana yake ni kupima ufasaha, utulivu na wasifu. Uwezo wa kupima ushahidi, kuandika ripoti itakayosimama mahakamani na kutambua mwisho wa mamlaka ya ofisi hauonekani katika maswali ya namna hiyo.

Aliyependekezwa alikuwa Busisiwe Mkhwebane, aliyekuwa amejiunga na Idara ya Usalama wa Taifa muda mfupi tu kabla. DA, chama kikuu cha upinzani, kilidai kwamba alikuwa jasusi, tuhuma aliyoikana. Bunge lilimpitisha tarehe 7 Septemba 2016 kwa kura 263 dhidi ya 79. Hata EFF, chama kilichompeleka Zuma mahakamani juu ya Nkandla, kilimuunga mkono. Kwa hiyo asilimia 60 ilipatikana kwa ziada, na vyama vingi vilikubaliana, lakini makubaliano hayo hayakuikinga ofisi.

Yaliyofuata yamo kwenye kumbukumbu za mahakama. Ripoti ya 2017 kuhusu mkopo wa benki ya Bankorp iliagiza mamlaka ya Benki Kuu yabadilishwe ndani ya Katiba, jambo ambalo ofisi hiyo haina uwezo nalo kabisa. Ilitenguliwa, na Julai 2019 Mahakama ya Katiba ikakubali kwamba Mkhwebane alipe asilimia 15 ya gharama za Benki Kuu kutoka mfukoni mwake, kwa kuwa hakuwa mkweli kuhusu uchunguzi wake. Ripoti juu ya shamba la maziwa la Vrede ilitenguliwa pia, na ile ya michango ya kampeni ya Cyril Ramaphosa, aliyemrithi Zuma, ikafuata. Wanaoumia zaidi katika hali hii hawatajwi: mjane anayefuatilia pensheni, mkulima aliyenyimwa haki yake na ofisi ya wilaya, watu wasio na fedha za wakili na ambao ofisi hii iliundwa kwa ajili yao.

Tarehe 11 Septemba 2023, wiki chache kabla muhula wake kwisha, Bunge lilimwondoa kwa kura 318 dhidi ya 43. ANC iliyomchagua ilipiga kura aondoke; EFF ikamtetea, kisha ikampa kiti bungeni. Aliyefuata, Kholeka Gcaleka, alikuwa ameiongoza ofisi kwa kukaimu na alitoa ripoti iliyomsafisha Ramaphosa kuhusu sakata la wizi wa fedha kwenye shamba lake la Phala Phala, DA ikampinga. Mabishano yakawa yaleyale: nani amemgusa nani.

Tangu uchaguzi wa 2024 ANC ina viti 159, hivyo kura 240 zinahitaji mapatano ya kweli. Lakini mwaka 2016 umeonyesha kwamba vyama vinaweza kupatana juu ya jina bila kumpima mtu. Wasailiwa wapewe faili la malalamiko na waandike uamuzi. Kila mjumbe atangaze alama alizotoa na sababu zake. Na usaili uchukue wiki, usiwe wa siku moja. Kamati itakayoketi mwaka 2030 inaweza kuyaweka haya kwenye kanuni zake bila kugusa Katiba, mradi iyaamue kabla majina hayajapokelewa, wakati ambapo hakuna chama kinachojua kitampigania nani.