Jirani Anapojitoa: Ireland na Maandalizi ya Brexit

Kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, ambapo asilimia 51.9 ya wapigakura waliamua Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya, ilikuwa ya Uingereza peke yake. Kati ya wanachama waliobaki, hata hivyo, hakuna aliyelazimika kujipanga upya kama jirani yake, Ireland. Serikali ya Dublin haikuwa na sauti katika uamuzi huo na haikuutaka. Kwa miaka minne na nusu iliyofuata haikujua jirani angeondoka lini hasa, wala kwa masharti gani.

Nchi hizi mbili ziliingia katika Jumuiya ya Ulaya siku moja, tarehe 1 Januari 1973, na tangu soko la pamoja lilipokamilika mwaka 1993 bidhaa zilivuka kati yao bila hati za forodha. Kisiwa chenyewe kimegawanyika: sehemu kubwa ni Jamhuri ya Ireland, na iliyobaki ni Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Mpaka kati yao una urefu wa karibu kilomita 500 na unakatwa na barabara zaidi ya 200. Baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998, uliomaliza miaka thelathini ya mapigano yaliyoua watu zaidi ya 3,500, vizuizi vya wanajeshi viliondolewa. Baadaye dereva alijua amevuka kwa kuona tu vibao vya mwendo kasi vikibadilika kutoka kilomita kwenda maili.

Biashara ikazoea hali hiyo. Bia ya Guinness ilitengenezwa Dublin, ikabebwa kwa malori hadi Belfast kutiwa kwenye chupa na makopo, kisha ikarudishwa Dublin kupakiwa melini. Maziwa ya wafugaji wa kaskazini, takriban lita milioni 800 kwa mwaka, yalisindikwa katika viwanda vya kusini. Ng'ombe, wagonjwa, wanafunzi na watalii walivuka bila kuulizwa lolote.

Pigo la kwanza halikusubiri sheria wala mkataba. Pauni ilishuka thamani mara tu baada ya kura, na wakulima wa uyoga, ambao zaidi ya asilimia 80 ya mauzo yao ya nje yalikwenda Uingereza kwa bei zilizopangwa kwa pauni, wakajikuta wanauza kwa hasara. Baadhi yao walifunga mashamba kabla mwaka 2016 haujaisha.

Serikali ya Waziri Mkuu Enda Kenny ilitoa muhtasari wa mpango wake wa dharura tarehe 24 Juni, siku ileile matokeo yalipotangazwa. Maofisa walikuwa wameuandaa kabla ya kura, jambo linalostahili kutajwa kwa sababu London kwenyewe hapakuwa na mpango wa maana wa kukabili ushindi wa waliotaka kujitoa. Kazi iliyotangulizwa ilikuwa ya kidiplomasia. Mawaziri na mabalozi walizunguka miji mikuu ya wanachama wenzao wakieleza kwamba mpaka wa kisiwani hauhusu ushuru tu, unahusu amani. Walisikilizwa. Aprili 2017 viongozi wa Umoja wa Ulaya waliuweka mpaka huo kuwa mmoja wa mambo matatu ya kumalizwa kwanza na Uingereza, pamoja na haki za raia na madeni. Mwezi uliofuata mjumbe mkuu wa mazungumzo wa Umoja huo, Michel Barnier, alihutubia mabunge yote mawili ya Ireland mjini Dublin.

Nyumbani, serikali iliitisha kuanzia Novemba 2016 mabaraza ya kisiwa kizima yaliyowakusanya wakulima, vyama vya wafanyakazi, wafanyabiashara na wanasiasa wa pande zote mbili za mpaka. Vyama vikuu vya kaskazini vinavyotetea muungano na Uingereza vilikataa kuhudhuria, na pengo hilo halikuzibika hadi mwisho.

Upande wa sheria ndio uliokuwa na kazi nyingi isiyoonekana. Nchi mbili zikikaa katika umoja mmoja kwa miaka zaidi ya 40, sheria za kila mmoja huandikwa zikidhani kwamba mwenzake yumo, na kwa hiyo siku anapotoka haki nyingi za kila siku hukosa msingi. Mgonjwa wa saratani wa kaunti ya Donegal, kwa mfano, hutibiwa kwa mionzi katika hospitali ya Altnagelvin mjini Derry, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu Dublin ni mbali mno. Nani angeilipa hospitali hiyo, na kwa sheria ipi? Basi linalotoka Dublin kwenda Belfast lingehitaji kibali kipya. Mwanafunzi wa Ireland aliyeko chuoni Uingereza angepoteza ruzuku yake, na mstaafu aliyefanya kazi nchi zote mbili angebaki na mashaka juu ya pensheni.

Badala ya kupeleka bungeni miswada kadhaa, serikali iliyafunga mambo hayo yote katika sheria moja ya sehemu 15 iliyogusa wizara tisa, kwa mtindo unaofanana na ule wa marekebisho ya sheria mbalimbali unaojulikana katika Bunge la Tanzania. Rais Michael D. Higgins aliisaini tarehe 17 Machi 2019, siku 12 kabla ya tarehe ambayo Uingereza ilitarajiwa kuondoka. Kuondoka kukaahirishwa, na mengi katika sheria hiyo yakabaki kabatini. Haki ya raia wa nchi hizi mbili kuishi na kufanya kazi kokote kati yao, ambayo ni ya tangu miaka ya 1920 na haikutegemea Umoja wa Ulaya, iliandikiwa hati ya makubaliano iliyosainiwa tarehe 8 Mei 2019.

Bandarini kazi ilikuwa ya saruji na watu. Julai 2018 serikali iliidhinisha kuajiriwa kwa takriban watu 1,000 zaidi, maofisa wa forodha na wakaguzi wa mifugo na vyakula, kwa ajili ya bandari za Dublin na Rosslare na uwanja wa ndege wa Dublin. Maegesho ya ukaguzi yalijengwa mahali ambapo kwa miaka 25 malori yalikuwa yakishuka melini na kutokomea mjini. Mamlaka ya mapato ilikadiria kwamba matamko ya forodha yangepanda kutoka chini ya milioni 2 kwa mwaka hadi takriban milioni 20, ilhali kampuni nyingi ndogo hazikuwa zimewahi kujaza hata moja. Ndiyo maana serikali ilitoa ruzuku ya hadi euro 9,000 kwa kila karani wa forodha ambaye kampuni ingemwajiri.

Utaratibu uliobuniwa ulilenga kuzuia foleni. Kabla lori halijapanda meli huko Uingereza, nyaraka za mizigo yake yote huunganishwa chini ya namba moja. Meli ikiwa safarini, mfumo wa kompyuta huzipitia na kuamua, na nusu saa kabla ya kutia nanga dereva huingiza namba hiyo kwenye simu aone kama atatoka moja kwa moja au ataelekezwa kwenye ukaguzi. Mzigo wa nyama au jibini huhitaji pia cheti cha daktari wa mifugo wa nchi unakotoka. Kwa lori lenye bidhaa za aina moja hilo ni jambo dogo. Kwa lori la duka kubwa lililobeba pamoja sandwichi, maua, sabuni na maziwa ya mtindi, ni rundo la karatasi, na hati moja yenye kosa huzuia mzigo mzima.

Tatizo jingine lilikuwa njia ya kufika bara. Malori ya Ireland yapatayo 150,000 kwa mwaka yalikuwa yakikatiza Uingereza kwenda Ufaransa na kwingineko, safari isiyofika saa 20. Meli ya moja kwa moja ilichukua takriban mara mbili ya muda huo, na samaki wabichi hawana subira. Hapa serikali haikununua meli. Ilizungumza na kampuni za usafirishaji, nazo zikaongeza vyombo zilipoona wateja wanakuja. Njia mpya ya Rosslare hadi Dunkirk ilianza tarehe 2 Januari 2021, siku ya pili ya utaratibu mpya.

Dawa, ambazo nyingi zilipitia Uingereza, zilikaguliwa moja moja na wananchi wakaombwa wasijirundikie nyumbani. Madereva walipewa kadi za kijani za bima kwa safari za kaskazini, kadi ambazo hatimaye hazikuhitajika. Bajeti iliyosomwa tarehe 8 Oktoba 2019 ilipangwa kana kwamba Uingereza ingeondoka bila mkataba, ikatenga euro bilioni 1.2 kwa janga hilo. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Leo Varadkar alikutana na mwenzake wa Uingereza, Boris Johnson, karibu na Liverpool, na njia ya mkataba ikafunguka.

Katika maandalizi haya yote jambo moja liliachwa wazi kwa makusudi. Kama Uingereza ingeondoka bila mkataba, sheria za Ulaya zingeitaka Ireland ikague bidhaa zinazoingia kutoka kaskazini. Mahali pa kuzikagulia hapakutajwa kamwe. Serikali ilisema haitajenga mpaka na haipangi kuujenga. Januari 2019 kinasa sauti kilichoachwa wazi kilimnasa Waziri wa Mambo ya Nje, Simon Coveney, akimwonya waziri mwenzake asizungumzie ukaguzi popote karibu na mpaka, maana wao ndio wangeonekana kuurudisha. Wapinzani waliita huo uzembe. Ulikuwa mkakati: Dublin ikichora ramani ya vituo, hoja kwamba vituo haviwezekani ingekufa siku hiyohiyo. Oktoba 2018 Varadkar alikuwa amewapelekea viongozi wenzake mjini Brussels gazeti lenye habari ya bomu lililolipuliwa mwaka 1972 katika ofisi ya forodha ya Newry na kuua watu tisa. Hata hivyo mkakati huo ulikuwa wa hatari, na kama London isingelegeza msimamo, Ireland ingejikuta na wajibu wa kukagua bila mahali pa kukagulia.

London ililegeza. Kwa itifaki iliyokubaliwa Oktoba 2019, Ireland ya Kaskazini ilibaki ikifuata kanuni za soko la Ulaya kwa bidhaa, na ukaguzi ukahamia baharini, kati yake na sehemu nyingine za Uingereza. Uingereza ilijitoa rasmi tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha Desemba 31 mwaka huo.

Wiki za mwanzo za 2021 zilikuwa ngumu: rafu tupu katika baadhi ya maduka ya Dublin, malori yakizuiwa kwa hati pungufu. Kisha biashara ikatafuta njia zake. Katika mwaka huo thamani ya bidhaa zilizoingia Jamhuri kutoka kaskazini iliongezeka kwa asilimia 65. Umoja wa Ulaya ulianzisha mfuko wa zaidi ya euro bilioni 5 kwa nchi zilizoathirika, Ireland ikipangiwa fungu kubwa kuliko zote. Uingereza kwa upande wake iliahirisha mara kadhaa ukaguzi wa bidhaa za Ulaya, na masharti kamili ya forodha kwa zile za Ireland yalianza Januari 2024 tu.

Itifaki yenyewe ilirekebishwa Februari 2023 kwa makubaliano ya Windsor. Bunge la Ireland ya Kaskazini lina haki ya kuikubali au kuikataa. Tarehe 10 Desemba 2024 liliiridhia kwa kura 48 dhidi ya 36, bila kura za vyama vinavyotetea muungano. Kwa kuwa haikuungwa mkono na pande zote mbili, idhini hiyo ni ya miaka minne badala ya minane, na kura nyingine itapigwa mwaka 2028.