Mashujaa wa Mchezo na Shujaa wa Basi

Mwaka 1986 kampuni ya SNK ya Japani ilitoa mchezo wa vidio uitwao Ikari Warriors, uliofuata nyayo za filamu ya Rambo ya 1985. Wachezaji wawili hushirikiana: kila mmoja husukuma kishikio chake ili askari atembee, na hukizungusha ili alenge. Huyu akipiga mbele, mwenzake humlinda ubavuni.

Ushirika huo naupenda. Lakini je, asiye na bunduki atamlindaje mwenziwe?

Jawabu limo Kaskazini Mashariki. Aprili 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Desemba 21 mwaka huo huo, karibu na El Wak, Al-Shabaab walisimamisha basi la Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa, wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Filamu Watu Wote ya 2017 imetokana na mkasa huo.

Mchezoni, aliyekufa hutia sarafu akaanza upya. Mwalimu Salah alikuwa na roho moja tu, akaitoa kwa ajili ya abiria wenziwe. Vijana wetu na wacheze, lakini jina lake walijue kabla ya la Rambo.