Ganzi ya Mikono Usiku: Ekografia Yaweza Kuonyesha Chanzo Chake

Katika kambi za askari na mitaa ya Bujumbura wapo akina mama waamkao usiku wa manane wakikung'uta mikono kama watu waliomwagikiwa maji. Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, pamoja na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho tu ndicho kizima. Asubuhi sindano yadondoka, mchi wa kutwangia sombe haushikiki barabara, na fundi cherehani wa Buyenzi analazimika kupumzika kila mara. Wengine husema ni baridi ya Ziwa Tanganyika, wengine husema damu imechoka, na hawakosekani wasemao kwamba mtu amerogwa.

Kidole hicho cha mwisho kilichosalimika ndicho kimpacho daktari fununu, kwani kina mshipa wake mwingine wa fahamu. Vidole vile vilivyokufa ganzi hupata hisia kutoka mshipa wa fahamu wa kati, ambao kwenye kifundo cha mkono hupenya njia nyembamba pamoja na kano tisa zikunjazo vidole. Chini na kandoni pana mifupa. Juu pana utepe mgumu usionyumbuka. Uvimbe ukitokea humo ndani, kinachoumia kwanza ni mshipa huo. Daktari Mwingereza James Paget aliandika tangu mwaka 1854 jinsi ulivyobanwa baada ya mfupa wa mkono kuvunjika.

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa wajawazito. Kisukari, baridi yabisi ya viungo na upungufu wa kazi ya tezi ya shingo huongeza hatari. Vivyo hivyo kazi za kukaza mkono kwa nguvu tena na tena, na vyombo vinavyotetemesha mikono. Mafundi wa karakana za jeshi wanavijua.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa hukunja vifundo vyote viwili, migongo ya viganja ikigusana na vidole vikielekea chini, kwa muda wa dakika moja. Ganzi ikizuka kwenye vidole vile vile, shaka huongezeka. Kipimo cha umeme hupima mwendo wa habari ndani ya mshipa. Ni kizuri, lakini hupiga vishindo vidogo visivyopendeza, na mashine zake ni adimu.

Hapa ndipo inapoingia ekografia, ambayo majirani wa Tanzania huiita ultrasaundi. Wengi huijua kwa kuwatazama watoto tumboni, kazi iliyotangazwa na Ian Donald na wenzake wa Glasgow mwaka 1958. Mwaka 1991 madaktari wa Austria walichapisha habari za kuitumia kwenye kifundo cha mkono. Mashine hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, kisha hupokea mwangwi wake na kuchora picha. Haina mionzi wala maumivu. Mgonjwa hupakwa mafuta mazito ya baridi tu.

Mshipa mzima, ukitazamwa kana kwamba umekatwa kwa kisu, hufanana na sega dogo la nyuki. Uliobanwa huvimba kabla ya kuingia njia ile, na ndani yake hubapa. Daktari hupima eneo lake: likizidi milimita 10 za mraba hivi, ugonjwa hushukiwa sana. Kwa kuwa watu hawalingani maumbile, wengine hulinganisha na mshipa huo huo juu zaidi, mkononi. Picha yaweza pia kufichua kivimbe cha maji au kano zilizovimba, jambo ambalo kipimo cha umeme hakilioni. Hata hivyo picha safi haimkanushi mgonjwa mwenye dalili zote.

Jambo moja lafaa kuulizwa kabla ya kulipa. Kichwa cha mashine kitumikacho kwa wajawazito kimejipinda na hutazama mbali, ilhali mshipa huu u karibu sana na ngozi. Huhitajika kichwa kilichonyooka, chenye mawimbi milioni 12 au zaidi kwa sekunde, na mtu aliyezoea kutazama mishipa. Hospitali inaweza kuwa na mashine lakini ikakosa kichwa hicho.

Kuchelewa kuna hasara. Nyama iliyo chini ya dole gumba hunywea, na ikinywea sana huenda isirudi hata mshipa ukifunguliwa. Askari wa namna hiyo hafungi vifungo vya sare yake bila taabu.

Ugonjwa ukiwa mwepesi, kifundo hufungwa gango ili kisipinde usiku, kwa wiki kadhaa. Wajawazito wengi hupona baada ya kujifungua. Wengine huchomwa sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, na walio katika hali mbaya hupasuliwa: utepe hukatwa ili njia ipanuke, mara nyingi kwa ganzi ya mkono tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, lakini kiganja chaweza kuuma kikikazwa kwa miezi kadhaa, na ndoo za maji sharti zibebwe na wengine nyumbani kwa muda huo.